Kioo kisichong'aa au akriliki: picha yako ya ukutani uifunike na nini?

Picha ya harusi ya babu na nyanya ilipigwa mwaka 1968. Ni nyeusi na nyeupe. Nyanya amevaa glavu nyeupe hadi kwenye viwiko, na babu amekunja uso kana kwamba anadaiwa. Nakala ni hiyo moja tu. Mama alipohamia South B, Nairobi, aliitundika sebuleni, kwenye ukuta unaotazamana na dirisha. Dirisha linaangalia mashariki, kwa hiyo kuanzia saa tisa alasiri jua hupiga ukuta wa jirani kwa nguvu zote, na wewe ukikaa kwenye kochi humwoni babu. Unaona grili ya dirisha, mabati mapya ya jirani, na tangi lake jeupe la maji limekaa sawasawa kifuani mwa bwana harusi.

Nikaipeleka kwa fundi wa fremu mjini, nikamwambia nataka kioo kisichong'aa. "Ipo, kaka. Rudi Ijumaa." Nilirudi Ijumaa. Tangi lilikuwa limeondoka kweli, lakini nyanya naye alikuwa ameingia ukungu, kama mtu aliyesimama nyuma ya pazia la bafu. Glavu zilionekana kama unga. Fundi hakunidanganya, maana kioo chake hakikung'aa. Kosa lilikuwa langu: niliagiza kwa neno moja lenye maana mbili.

Ulinganisho huu ni wa yeyote aliye kwenye njia panda hiyo, na picha yake mkononi: kioo cha kawaida, kioo cha mati, kioo cha makumbusho, akriliki tupu (plastiki ngumu iliyo wazi kama kioo), au akriliki iliyotibiwa isiakisi.

Mng'ao una dawa mbili

Kioo cha kawaida kina nyuso mbili, ya mbele na ya nyuma, na kila uso hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga unaoupiga. Jumla ni kama asilimia 8. Utasema ni kidogo. Lakini suti nyeusi ya babu yenyewe hairudishi mwanga mwingi, kwa hiyo pale kwenye suti tangi la jirani ndilo linaloshinda. Ndiyo maana picha za giza, za usiku au za nyuso zenye vivuli vizito husumbuliwa na mng'ao kuliko picha ya watoto ufukweni Diani saa sita mchana.

Akriliki tupu nayo ni yale yale, karibu asilimia 4 kila uso. Wengi huteleza hapa. Wanadhani kwa kuwa ni plastiki basi haing'ai, wanalipa zaidi, wanafika nyumbani na kukuta tangi limewafuata.

Dawa ya kwanza ya mng'ao ni kuuparuza uso wa kioo, mara nyingi kwa asidi, uwe na vinundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Mwanga ukigonga hapo hutawanyika kila upande. Taswira ya tangi inavunjika na kubaki weupe hafifu. Hicho ndicho kioo cha mati, nami ndicho nilichopewa.

Dawa ya pili ni kuupaka uso tabaka jembamba mno, lenye unene uliopimwa ili mwanga unaorudi kutoka juu ya tabaka na ule unaorudi kutoka chini yake vigongane na kufutana. Alexander Smakula wa kampuni ya Zeiss alipata hataza ya mbinu hii mwaka 1935, kwa ajili ya lenzi. Mwaka 1938 Katharine Blodgett wa General Electric nchini Marekani alionyesha kioo alichokipaka tabaka 44, kila moja ikiwa na unene wa molekuli moja, nacho kikawa kama hakipo. Tabaka lake lilikuwa laini, lilifutika kwa kuguswa. Ya siku hizi ni magumu na hayatoki kwa kitambaa.

Dawa ya kwanza hutawanya, ya pili hufuta. Madukani zote mbili huitwa "isiyong'aa". Kama hutakumbuka kingine chochote katika maelezo haya, kumbuka kumuuliza fundi ni ipi kati ya hizo mbili.

Mambo ya kupima kabla ya kutoka nyumbani

Anza na ukuta. Chukua kioo cha kujitazamia, mtu akishike mahali picha itakapotundikwa, wewe ukae pale unapokaa siku zote. Unachokiona ndani yake ndicho utakachokiona juu ya picha. Ukiona dari tupu au ukuta wa rangi ya giza, huna tatizo la mng'ao na huna haja ya kutumia pesa. Ukiona dirisha, runinga au taa ya kwenye dari, tatizo unalo. Jaribu kusogeza sentimita 40 kushoto, au kutundika chini kidogo. Nimewaona watu wakiagiza kioo cha bei mbaya kwa tatizo ambalo msumari mmoja ungelimaliza.

La pili ni nafasi kati ya picha na kifuniko. Picha halisi ya karatasi haifai kugusa kioo. Uso wake una jelatini, na ikipata unyevu hushikana na kioo, hasa nyumba ambayo haijapata jua tangu mvua za Aprili. Siku ya kuitoa inabanduka vipande. Kwa hiyo fundi mzuri huweka kadi ya pembezoni, ile wengi wanaiita maunti, ili kuacha upenyo. Upenyo huo huo ndio unaokiharibia kioo cha mati sifa yake, kama nitakavyoeleza.

La tatu: ikiharibika, inaweza kuchapishwa tena? Picha ya mahafali iliyopo kwenye simu si sawa na picha ya 1968. Hapa jua linaingia katika hesabu. Nairobi iko karibu na ikweta na juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na mionzi ya urujuanimno (UV), ile ya jua isiyoonekana lakini inayofifisha rangi, huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Jua letu pia huhamahama. Mwezi Juni linapita upande wa kaskazini, Desemba upande wa kusini, kwa hiyo dirisha ulilodhani halipati jua utalikuta linaoga jua kwa miezi kadhaa. Picha za rangi huumia zaidi, maana rangi zake nyingi ni za kemikali ya kutia rangi ("dye"). Picha nyeusi na nyeupe za zamani zimeundwa kwa chembe za madini ya fedha, nazo huvumilia mwanga vizuri zaidi.

Halafu kuna uzito na safari. Kioo cha milimita 3 kina kilo 7.5 kwa kila mita ya mraba, akriliki ya unene huo huo ni kama kilo 3.6. Picha ya inchi 20 kwa 30 haitakusumbua kwa vyovyote, tofauti ni kilo moja na nusu. Ya inchi 40 kwa 60 ni hadithi nyingine: karibu kilo 11.6 za kioo dhidi ya 5.5 za akriliki, kabla hujahesabu fremu yenyewe. Fikiria inatundikwa juu ya kitanda. Fikiria iko kwenye boda kutoka mjini hadi Kasarani, na matuta yote ya njiani.

Mwisho, nani ataipangusa? Usicheke. Hili ndilo linaloua vifuniko vingi kuliko safari zote za boda.

Kioo cha kawaida

Kinaakisi kama nilivyosema. Kinaonyesha picha vizuri, ingawa ukikitazama ubavuni utaona ukijani wa chuma kilichomo, na picha yenye weupe mwingi inaweza kupata ukijani huo kidogo sana. Ukuta usiopata mwanga wa moja kwa moja hukifaa kabisa. Kinazuia sehemu fulani ya mionzi ya jua, lakini mingi ile inayofifisha rangi hupita. Kinapanguswa kwa chochote, hata gazeti lililoloweshwa, bila kukwaruzika. Kikianguka kinakuwa visu.

Kwa bei hakina mpinzani, na kila fundi anacho, mara nyingi kinachotoka kwenye shiti zilezile za madirisha. Kinafaa vyeti, picha zinazochapishika tena, picha ya rais ukutani mwa duka, na kila fremu inayobadilishwa picha mara kwa mara. Kama jaribio la kioo cha kujitazamia lilikuonyesha ukuta tupu, ishia hapa.

Kioo cha mati

Kwa mng'ao kinatimiza ahadi. Hata taa ikikipiga uso kwa uso, huoni balbu, unaona wingu. Tatizo ni kwamba vinundu vinavyotawanya mwanga wa taa hutawanya pia mwanga unaotoka kwenye picha. Kikiwa kimelala juu ya picha, mtawanyiko ni mdogo na jicho halishtuki. Kila milimita unayokiinua, ukungu unaongezeka. Fundi wangu alikuwa ameweka kadi mbili za pembezoni kwa nia njema, kuipa picha ya harusi heshima yake, na kadi hizo ndizo zilizompeleka nyanya bafuni.

Unaweza kulijaribu hili mwenyewe dukani kwa sekunde kumi. Weka kipande cha kioo hicho juu ya gazeti, usome. Kisha kiinue kwa unene wa kidole, usome tena. Maandishi madogo yatayeyuka mbele yako.

Kuna jambo jingine linalosemwa mara chache. Nyeusi hupungua weusi. Ule mwanga uliotawanywa haukwenda popote, umesambaa juu ya picha nzima, kwa hiyo chumba chenye mwanga mwingi hufanya suti nyeusi iwe ya kijivu. Picha yenye rangi laini, mchoro, cheti au ramani hustahimili. Picha ambayo uzuri wake wote uko kwenye vivuli haistahimili.

Kwa jua usikitegemee. Kuwa mati si kuzuia mionzi, hayo ni mambo mawili, labda mtengenezaji aseme vingine. Uzito na uvunjikaji ni vya kioo. Kusafisha ni rahisi, ila alama za vidole zenye mafuta hujishika kwenye vinundu na huonekana kama doa linalong'aa. Bei iko juu ya kioo cha kawaida lakini haitishi. Angalia tu usiuziwe kioo cha dirisha la choo. Kile cha maua na mawimbi ni cha kuficha mtu anayeoga.

Kinamfaa nani? Ofisi yenye korido ndefu na taa za mirija, mahali watu wanatazama wakipita. Darasa. Hoteli. Mtu mwenye cheti kinachotazamana na dirisha, mradi kimekaa karibu sana na kioo, na kiwe nakala, si chenyewe.

Kioo cha makumbusho

Hiki ndicho nilichokuwa nikikitafuta bila kulijua jina lake. Kimepakwa tabaka la kufuta uakisi pande zote mbili, na kile asilimia 8 cha kioo cha kawaida hushuka hadi asilimia 1 au chini yake. Mara ya kwanza kukiona nilinyoosha kidole kuhakikisha kama kipo. Mwenye duka alinishika mkono kabla sijafika. Kidole kwenye kioo hiki huonekana kuliko kwenye kingine chochote, kwa sababu pale mafuta yalipogusa uakisi unarudi, na jicho linaona kisiwa kimoja kinachong'aa katikati ya uwazi.

Picha huonekana na weusi wake wote na rangi zake zote, na umbali kati yake na kioo hauna athari. Kadi tatu ukitaka, weka. Uakisi mdogo unaobaki huwa na rangi, kijani au zambarau kutegemea mtengenezaji, nao hujitokeza zaidi ukitazama kwa pembeni. Mwenye kukuahidi kwamba hutaona chochote kabisa anakuongezea chumvi. Dirisha lenye jua kali bado litaacha kivuli chake cha zambarau.

Majina yanayojulikana duniani ni Museum Glass ya Tru Vue kutoka Marekani, Mirogard ya Schott kutoka Ujerumani, na Artglass ya Groglass kutoka Latvia. Usidhani kwamba kila kioo kisichoakisi kinazuia jua kwa kiwango kimoja. Artglass peke yake ina aina zinazozuia asilimia 70 ya mionzi ya urujuanimno, 92, na 99. Museum Glass inazuia hadi asilimia 99. Uliza namba, na uandikiwe kwenye risiti. Na hata ukipewa 99, usiitundike picha juani. Mwanga unaoonekana nao hufifisha rangi, na hakuna kioo kinachouzuia huo, maana ukizuiwa utaona nini?

Uzito ni wa kioo, na kuvunjika ni kwa kioo. Kusafisha kunataka kitambaa laini cha maikrofaiba na dawa isiyo na amonia, upulizie kitambaa na si kioo. Aina nyingine zina upande wa ndani na wa nje, kwa hiyo fundi asiyezizoea anaweza kukigeuza.

Sasa bei. Ni mara kadhaa ya kioo cha kawaida, na hutakikuta kwenye kila kibanda. Mara nyingi kinaagizwa, kinakuja kwa shiti za ukubwa maalum, na kama kipimo chako kinaacha mabaki makubwa, uwezekano ni kwamba mabaki hayo unayalipia wewe. Muulize fundi ukubwa wa shiti kabla ya kuamua ukubwa wa fremu. Sentimita mbili zinaweza kukuokolea pesa ya maana.

Kinamfaa mwenye picha moja au mbili za thamani, za ukubwa wa kadiri, ambazo anaketi mbele yake kila siku. Mpigapicha anayeuza kazi yake kwa wateja wanaoijua. Hakimfai mwenye ukuta wa picha kumi na mbili za watoto.

Akriliki

Hii ndiyo plastiki ambayo wengi wetu tunaiita pespeksi, kutokana na Perspex, jina la biashara lililoanzishwa na kampuni ya ICI ya Uingereza. Wajerumani nao, Röhm, walikuwa na Plexiglas yao tangu 1933. Vitani ilifunika vyumba vya marubani wa ndege, na daktari mmoja wa macho wa London, Harold Ridley, akagundua kwamba vipande vyake vilivyoingia machoni mwa marubani havikuleta madhara aliyoyatarajia. Mwaka 1949 akapandikiza lenzi ya kwanza ya plastiki hiyo ndani ya jicho la mgonjwa. Nyanya mwenyewe alitolewa mtoto wa jicho akawekewa lenzi, kwa hiyo kwa namna fulani akriliki ilimfikia mapema kuliko kioo changu.

Turudi ukutani. Akriliki tupu inang'aa sawa na kioo. Kwa uwazi inakizidi kidogo, inapitisha takriban asilimia 92 ya mwanga na haina ukijani. Uzito ni chini ya nusu. Haivunjiki kirahisi, na ikivunjika haitoi visu vile vya kioo. Kwa chumba cha mtoto, kwa fremu kubwa, kwa picha inayotumwa Kisumu kwa basi la usiku, sifa hizi tatu zinatosha kumaliza ubishi.

Lakini ina tabia zake. Inakwaruzika, hasa kwa vumbi. Mtu akipitisha kitambaa kikavu juu yake Januari au Februari, vumbi jekundu la Nairobi linafanya kazi ya msasa, na mikwaruzo hiyo huiona kila jioni taa ikiwashwa. Ukiisugua inapata umeme tuli na kuvuta vumbi zaidi, kwa hiyo unasugua tena. Umeme huo huo hunyanyua chembe za mkaa na pasteli, basi michoro ya aina hiyo usiifunike na akriliki tupu. Spiriti, petroli na dawa za vioo zenye amonia huitia nyufa ndogondogo kama za sahani kuukuu. Maji ya sabuni kidogo, kitambaa laini chenye unyevu, basi. Kama kuna dada anayekusaidia nyumbani, mwambie siku ya kwanza, na umwonyeshe ni fremu ipi, maana kwa macho hazitofautiani.

Inatanuka pia. Akriliki hutanuka kwa joto mara saba au nane zaidi ya kioo. Kipande chenye urefu wa mita moja na nusu, joto likipanda nyuzi 15, kinaongezeka karibu milimita 1.6. Fundi akiikata ikajaa fremu bila nafasi, itabinuka tumbo mbele au nyuma. Kubwa inataka kupungua milimita tatu hivi, na unene wa kutosha. Shiti ya milimita 2 kwenye fremu ya inchi 40 itapepesuka kama mabati ya kibanda.

Kuhusu jua, zipo akriliki zenye kinga na zisizo nayo. Usikisie, uliza. Yenyewe haigeuki njano upesi, tofauti na plastiki rahisi ya polistaireni inayokuja kwenye fremu za bei ya chini. Hiyo polistaireni ukiigonga inalia kama bati, na ikikaa juani inakuwa rangi ya chai ya maziwa.

Upatikanaji ni mzuri. Wanaotengeneza mabango na herufi za maduka wanaitumia kila siku, wanakata kwa mashine, na mabaki yao yanaweza kukutosha. Sharti moja: shiti huja na karatasi au nailoni pande zote mbili. Isitolewe mpaka picha iko tayari kufungwa.

Akriliki iliyotibiwa

Iko ya mati, na yote niliyosema kuhusu kioo cha mati yanaihusu, pamoja na ukungu, isipokuwa uzito. Halafu iko iliyopakwa tabaka la kufuta uakisi, kama Optium Museum Acrylic ya Tru Vue. Hiyo ina uakisi mdogo sana, kinga ya jua hadi asilimia 99, haivuti vumbi kwa umeme tuli, na uso wake umefanywa mgumu usikwaruzike upesi. Kwa maneno mengine, wameondoa karibu kila lawama niliyoitupia akriliki hapo juu, na kuihamishia kwenye bei. Makumbusho yanayosafirisha kazi za watu kutoka nchi hadi nchi yana sababu ya kulipa. Maonyesho ya picha kubwa yanayozunguka, pia. Kwa sebule, mimi ningekaa chini kwanza nikanywa maji.

Kumjua uliyepewa

Washa tochi ya simu, uielekeze kwenye kifuniko kwa mshazari. Ukiona taswira kali nyeupe, ni kioo cha kawaida au akriliki tupu. Ukiona wingu, ni mati. Ukiona nukta hafifu yenye rangi ya zambarau au kijani, umepata iliyopakwa. Kutenganisha kioo na akriliki gonga kwa ukucha: kioo hulia, akriliki husema "du". Kioo pia ni baridi mkononi asubuhi. Fundi hatakasirika. Akikasirika, umejua jambo jingine.

Kwa hali yako

Picha inachapishika tena na ukuta hauna dirisha mbele yake: kioo cha kawaida, pesa iliyobaki inunue fremu nzuri. Ukuta unatazamana na dirisha lakini unaweza kuhamisha picha: hamisha, kisha kioo cha kawaida.

Huwezi kuhamisha, na picha ni ya kutazamwa kwa karibu, yenye vivuli na nyuso: kioo cha makumbusho kama mfuko unaruhusu. Usiporuhusu, kioo cha kawaida na kuinamisha fremu kidogo mbele kwa kuweka vipande vya mbao nyuma ya ukingo wa juu mara nyingi hutupa taswira ya dirisha sakafuni. Mati nayo ingefaa tu kama ni nakala, na umeondoa kadi.

Kuna watoto wanaocheza mpira ndani, au fremu iko juu ya kitanda, au inasafiri, au inazidi upana wa mita moja: akriliki, na mng'ao uutatue kwa mahali pa kutundikia. Fremu nyingi za ofisini, watu wanapita tu: mati.

Nakala ni moja tu duniani: kabla ya kujadili kioo, ipigwe skani kwa ubora wa juu. Iliyochapishwa upya ndiyo ipande ukutani penye jua, na ya asili ikae mahali pa giza na pakavu. Wengine wataishauri nakala ibandikwe kwenye ubao wa MDF na kupakwa laminesheni, bila kioo kabisa. Kwa nakala sina neno, inapendeza na ni nyepesi. Kwa picha ya asili, kataa, haibanduki tena.

Sisi tulifanya nusu ya ushauri huo. Babu na nyanya walipigwa skani, na nakala iko kwenye simu za wajukuu wote. Ya asili Mama alikataa katakata kuiweka bahashani, akasema wazee hawafungiwi kabatini. Basi ikarudishiwa kioo cha kawaida, cha milimita 2, na kutundikwa kwenye korido ya kwenda vyumbani, ambako hakuna dirisha na taa iko kando. Glavu sasa zinaonekana hadi mishono. Pale sebuleni, kwenye msumari uliobaki, Mama ametundika saa. Nayo ina kioo, na ikigonga tisa alasiri huwezi kuisoma, unaona tangi.